Malkia Amehamia kwa Mama Mkwe

Mama Namuria wa redio, mpendwa mshauri wetu hapo Kakuma, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la aibu, na ukisoma hii hewani sema tu ni Ejore wa Lodwar, Ejore tuko wengi. Mimi ni dereva wa lori la maji na nina farasi jike anaitwa Malkia, niliachiwa na mzungu mmoja niliyemwendesha miaka mingi, alipomaliza kazi akarudi kwao, na mtaani kwetu hakuna mwingine mwenye farasi, tukipita watoto wanafuata nyuma, hata chifu ameomba kupiga naye picha, kwa hivyo nikaona haifai mnyama kama huyo alale kwenye boma la miiba pamoja na punda wa mke wangu, nikaamua kumjengea ua wa kudumu. Nikanunua seng'enge na nguzo za mti, fundi akavuta waya mpaka ukalia kama gitaa, punda wakabaki nje, Malkia akabaki ndani peke yake kama mheshimiwa.

Mke wangu akasema, "Baba Erupe, hii waya itamkata." Nikamwambia mambo ya farasi ni ya wanaume, yeye ashughulike na punda wake, maana kwetu sisi Waturkana punda ni wa wanawake, hata mtoto anajua. Akaniuliza, "Na huyu si punda tu aliyerefuka?" Mama, nilikasirika, nikasema maneno, mengine siwezi kuyaandika kwa sababu wewe ni mtu wa kanisa.

Wiki haikuisha, punda wakaenda kunywa maji, Malkia akataka kuwafuata, akaingia kwenye waya mzima mzima, kifua kikachanika, na mguu, damu ikajaa mchangani, na mimi nililia, sioni haya kusema. Mke wangu alimwosha kwa maji ya chumvi kila siku mpaka kidonda kikafunga, halafu asubuhi moja akafungasha nyumba, ngozi, vibuyu, masufuria, akawapakia punda, akaondoka kwenda kwa mama yake huko Kerio, na Malkia akawafuata bila hata kuvutwa kamba. Majirani wanasema alikuwa amebeba mitungi ya maji. Malkia! Mitungi!

Sasa shemeji yangu Emuron amenipigia simu kuniarifu kwamba mnyama anayebeba mizigo ya wanawake ni wa wanawake, na hapo ndipo nimekwama. Mtoto wetu Erupe yuko shule ya bweni, nyumbani niko mimi na seng'enge. Nisaidie, Mama, ni ua gani wa kudumu unaofaa farasi, nijenge wa mawe, wa mabati, au wa umeme wa sola, ili Malkia arudi? Na mke wangu pia, namhitaji.

MAMA NAMURIA ANAJIBU

Ejore, ejok, salamu. Pole sana. Hiyo pole ni ya Malkia, yako bado naitafuta. Nimesoma barua yako yote, farasi ana jina, shemeji ana jina, hata mtoto aliye shuleni ana jina. Mkeo anaitwa nani? Hata "pia" umemtilia mwishoni, kama chumvi ya nyongeza.

Haya, tuanze na ua, maana ndio uliouliza. Seng'enge ni ya ng'ombe. Farasi akishtuka hukimbia kwanza na kufikiri baadaye, wewe unamwelewa, na waya mwembamba hauoni mpaka umeshamkata. Miiba ya mti wa mathenge humchoma kwato, na kila kiangazi unaanza upya, kwa hivyo huo si wa kudumu. Mabati yana kingo kama kisu, na upepo wa Lodwar utayapiga usiku kucha. Ukuta wa mawe ni mzuri, ila nge watahamia kabla ya farasi. Umeme unataka mtu wa kuuangalia kila siku, na aliyekuwa akiangalia vitu hapo kwako yuko Kerio.

Tumia mabomba ya chuma. Nguzo zizike kwa simiti, mchanga wetu haushiki kitu, na mti utaliwa na mchwa. Laza mabomba matatu kati ya nguzo, la juu lifike mgongoni mwake, uyapake rangi nyeupe ayaone. Pembe za ua zipinde, asibanwe mahali. Weka kivuli. Na punda waingie humo humo! Farasi hakai peke yake, baba. Alijirusha kwenye waya kwa sababu wenzake walikuwa upande wa pili, na wewe ndiye uliyemtenga ukaita heshima. Lango liwe pana, lakini likae wapi, usiniulize mimi. Kamuulize anayelifungua kila asubuhi.

Kuhusu Malkia ni wa nani, nakuomba usipeleke hilo kwa wazee. Watauliza nani aliosha kidonda, na utashindwa mbele ya watu.

Kwa hivyo usijenge chochote sasa. Ng'oa hiyo seng'enge yote leo, kisha nenda Kerio. Mbebee mama mkwe tumbaku na sukari, keti utakapoonyeshwa, na wanawake wakikucheka, nyamaza, wana haki. Malkia atakujua kutoka mbali na atakuja mbio. Mpite. Msalimie mkeo kwanza.