Barua Yako Kuhusu Mguu wa Babu Nazari Imefika

Mama Eunice, mwaka umetimia tangu ututoke, Agosti 1995, kahawa ikiwa imeanikwa uani. Hata asubuhi ile uliuliza nani ameigeuza.

Kule Liuli, ulikokuwa nesi, wengi bado wanakuita Sista. Ulikuwa ukimpima mtoto homa kwa mgongo wa mkono, unamgombeza mama yake kwa kuchelewa, halafu unawapikia uji wote wawili. Kunong'ona hukujua. Ukiongea na mgonjwa wodini, waliokuwa nje walipata habari zote.

Lakini wewe na baba yako, jamani! Babu Nazari alirudi kutoka vita vya Burma akichechemea. Kwenye pombe wenzake walimtania kwamba alipigwa risasi akikimbia, naye alinyamaza mpaka akafa. Neno lile lilikukaa kooni. Ulipostaafu ukaanza kutafuta faili lake la jeshi na la pensheni. Ukaenda Songea, ukaandika Dar es Salaam, na kila mahali ukajibiwa kwamba askari huyo hayumo. Mabasi madogo yalipoanza kupita hapa kwetu Mbinga, tulikutania kwamba makondakta wanakuona kuliko sisi wanao.

Kumbe sisi watu wa Ziwa Nyasa tulijisahau wenyewe! Mdogo wako, Mjomba Meshack, alikuwa anashona nyavu akashtuka: "Dada, baba si alivuka ng'ambo kwa shemeji yake, akajiandikishia huko huko?" Tunavuka kwenda harusini na msibani, wala hatukumbuki kwamba ile ni nchi nyingine. Faili lilikuwa Malawi miaka yote hiyo. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, na barua ukaiandika siku ile ile.

Wiki yako ya mwisho ulimwita Aurelia, kifungua mimba wako, ukamwambia kwa sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia: "Kidonda cha baba kikifumuka, mimi ndiye niliyekuwa namfunga bandeji. Nilipokuwa nesi nikaelewa. Tundu dogo lilikuwa nyuma, kwenye shavu la mguu. Risasi iliingia kwa nyuma, mwanangu."

"Sasa Mama, kwa nini unaendelea kutafuta?"

"Ni baba yangu. Kama alikimbia, nataka nijue alikimbia nini."

Barua ya majibu kutoka Malawi ilifika wiki ya Pasaka, ikiwa na nakala ya karatasi ya daktari wa jeshi, ile waliyompimia pensheni. Ulisema kweli, Mama, risasi iliingia kwa nyuma. Lakini chini yake imeandikwa kwamba Nazari alikuwa amembeba mgongoni mwenzake aliyejeruhiwa, anamvusha mto, na alipopigwa mguuni hakumtua mpaka ng'ambo.

Mjomba Meshack aliisoma pale pale kwenye pombe, kwa sauti kubwa kama yako. Mzee Urbani, aliyekuwa bingwa wa utani ule, alivua kofia akaomba isomwe tena. Ikasomwa mara tatu. Tulilia, Mama, tukatamani ungekuwepo uwagombeze.

Unakumbukwa na mumeo Tadei, ambaye siku hizi anageuza kahawa mwenyewe. Wanao Aurelia na Rogasian. Mdogo wako Meshack. Wajukuu, majirani wa Mbinga, na wote uliowauguza Liuli.

Hutatutoka moyoni kamwe. Pumzika, Mama. Baba yako hakukimbia, alikuwa amebeba mtu.