Mama, Siku Hizi Wageni Wanafungua Bomba Wenyewe

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Nimekaa uani, nyuma ya nyumba ya wageni hapa Nyamisangura, Tarime, pale lilipokuwa pipa lako la maji ya kuoga. Mafiga yako bado yapo. Nimeambiwa niyaondoe, sijaweza.

Unakumbuka asubuhi zetu kabla sijaenda shule? Ulichota maji ya moto, ukachanganya na ya baridi, kisha ukatumbukiza kiwiko. "Mkono wangu umezoea moto, Bhoke, unadanganya. Kiwiko hakidanganyi." Mimi nilibeba ndoo ndogo, wewe mbili kubwa, na kwenye kila mlango ulibisha hodi. Yule mwalimu aliyehamishwa kutoka Songea alikuwa na utani wake.

"Mama Bhoke, leo umeniletea maji au chai?"

"Ukiona ni chai, mwalimu, tia sukari unywe!"

Nawe ulicheka mpaka ndoo ikamwagika. Siku nyingine nesi wa chumba namba nne aliitikia hodi kwa sauti nzito. Ukaweka ndoo chini, ukaingia. Malaria ilikuwa imempanda, hawezi kuinuka. Ulijua anaumwa ukiwa bado mlangoni, kwa sauti tu.

Kisha fundi akaleta mtambo wa kuchemsha maji kwa mafuta ya taa: tangi refu, mabomba hadi vyumbani, na saa ya kipimo yenye mshale. Meneja alituita wote uani. Alinipa karatasi ya maelekezo, akasema binti aliyemaliza darasa la saba atusomee. Unajua nilivyo, Mama. Darasani sikuwahi kunyoosha kidole. Lakini siku ile nilisoma kwa sauti: mshale ukifika sitini, zima moto. Ulipiga makofi kuliko wote.

"Basi, Ndugu," Meneja akakuambia, "huu mtambo unataka mtu mmoja tu, tena anayejua namba. Wewe pumzika. Bhoke ataanza kesho."

Uliniangalia. Ulikuwa umeshaanza masomo ya watu wazima, jina lako ulikuwa unaliandika. Ningeweza kusema, "Mama anajifunza, nitamfundisha." Maneno matatu. Nilitazama miguu yangu.

Ulikunja kitenge chako, ukasema, "Mwanangu ameusoma mtambo," kama vile umepewa zawadi. Wiki ile ile ukaenda Busawe kwa Mama Mdogo, kulima. Sikuja kukuaga hata stendi, kwa aibu. Nilijiambia nitakuja Busawe mvua zikikatika, nikuombe msamaha. Hukuzingoja mvua zikatike, Mama. Nilifika kuzika.

Hapa mambo ni mepesi sasa. Mgeni anafungua bomba, anaoga, anaondoka. Wanausifu sana mtambo. Wengine wanalala siku tatu nami sijaisikia sauti yao. Juzi mzee mmoja aliniuliza, "Yule mama wa hodi yuko wapi?" Nikakimbilia huku uani.

Jana Mama Mdogo aliniletea daftari lako. Ukurasa wa kwanza, jina lako. Nyingine zote ni namba. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini, zimerudiwa mara nyingi, zimefutwa, zimeandikwa tena. Hakuna moja wala mbili, Mama. Ni zile za kwenye saa ya mtambo tu. Mama Mdogo anasema kila jioni ulimwambia, "Nikifika sitini, narudi Tarime."

Umeishia arobaini.

Nimeshika penseli tangu asubuhi, nikitaka kuandika hamsini na sitini chini ya mwandiko wako. Mkono umekataa. Nitaliacha daftari lilivyo, karibu na mtambo, na kabla ya kuwafungulia wageni maji nitakuwa nikiyapima kwa kiwiko.

Mama anajifunza, nitamfundisha. Nimesema, Mama. Kwaheri.

Mwanao aliyenyamaza,
Bhoke