Ndege Niliyokusomea Vibaya

Mbonea ameirusha ndege peke yake! Peke yake, Baba Mbonea! Mwalimu wake alibaki chini kwenye nyasi, kofia mkononi.

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo huko ulikolala? Sisi wazima. Migomba yako imezaa, na yule mbuzi mweusi bado mkorofi.

Unaikumbuka ile barua niliyokusomea ukiwa kitandani? "Bwana wa shamba la mkonge ameanza kunifundisha ndege." Ukaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Ukasema, "Nimemsomesha miaka yote hiyo, kumbe anakwenda kuwinga ndege wa Mzungu! Na mtama wangu mimi aliuacha ndege wakaula wote!" Tukacheka. Lakini wewe hukucheka mpaka mwisho, nilikuona. Wiki ile ile ukatutoka.

Mume wangu, nilikusomea vibaya. Angeandika "ndege yake" ningejua ni mashine. Aliandika ndege tu, na mimi na darasa langu la tatu nikaona manyoya. Tena sikunyamaza, si unanijua? Nilitangaza kanisani na kisimani kwamba mwanangu anasomea ndege. Ukweli ulipokuja, Mama Elieza akaniuliza mbele za watu, "Hiyo ndege ya mwanao inataga?" Nikamjibu, "Inataga Wazungu." Hajarudia.

Mwezi uliopita Mbonea alikuja, akakaa kwenye kigoda chako, akanieleza. Siku za kwanza alitapika. Usukani ukiuvuta, ndege inapanda, ukiusukuma, inashuka, na miguu nayo ina kazi yake. Upepo unaoteremka kwenye milima yetu huikandamiza kama mtu aliyekukalia mabegani.

Jana ndiyo ikaja barua. Mwalimu alishuka, akafunga mlango, akasema, "Nenda." Basi. Bila uzito wa yule Mzungu ndege ikapanda upesi mpaka mwanao akashtuka. Kutua, ilirukaruka mara tatu kama panzi. Lakini ikatua!

Unakumbuka ulivyomkuta shambani amelala chali, anawatazama ndege wanavyogeuza mabawa, nao wenzao wanakula mtama? Ulimchapa. Kumbe mtoto alikuwa darasani, Baba Mbonea.

Umebaki mtihani mmoja. Atatoka mkongeni peke yake, apite juu ya Chome yetu hapa, akatue Same mbele ya mkaguzi. Akishindwa, anarudi kupaka injini grisi. Nami nimeshaalika watu, mchungaji na kwaya nzima, na nasikia hata Bwana D.C. atakuwepo. Najua, mdomo wangu! Kila nikitazama ukungu wa mlima Shengena naogopa usije ukammeza mwanao. Lakini siwaonyeshi. Wewe tu nakuambia.

Ameomba alama, apajue nyumbani akiwa juu. Wengine wakasema shuka nyeupe. Nikakataa. Nimetoa blanketi lako jekundu, lile ulilokuwa hutaki nilifue. Siku ya kushuka Same, alfajiri, nitalitandaza juu ya kaburi lako na kulibana kwa mawe pande zote. Nakuahidi halitapeperuka. Yeye akiona wekundu atajua baba yupo. Na wewe ukisikia ngurumo, usitafute manyoya. Ni ndege hii, siyo ndege huyu.

Pumzika, mume wangu. Mimi mkeo, Mama Mbonea, sijapungua maneno. Chome yote inateremka Same kumngoja, ila wewe baki hapo hapo, maana wewe ndiye utakayemwona wa kwanza. Ni Jumamosi.