Simu ya Mgongo wa Plastiki

Nyamisangura, Jumanne

Muuza simu wa leo ni mjinga mwenye ulimi mrefu. Niliomba simu ya mgongo wa plastiki, akanisukumia ya kioo.

"Mzee wangu, plastiki ni ya wachunga ng'ombe. Mwandishi mzima unashikaje hiyo?"

Nikamwambia ya kioo ninayo. Iliponyoka wiki iliyopita kwenye mawe kijijini Genkuru, ikapasuka, ikazima na rekodi ya mjane aliyenieleza jinsi mumewe alivyokufa. Fundi ameshindwa kuitoa.

"Si ungeweka kava?"

Kava la plastiki! Basi kioo cha nini?

Nimenunua niliyoitaka. Kesho narudi kumwomba yule mama aseme yote upya. Mara ya kwanza alitetemeka hadi mwisho. Akinifukuza, atakuwa sahihi.