Jiwe Yangu Mu Depo ya Kazadi

Kapata, mercredi

Mujinga yule shemeji yangu! Siku tano minakojolea mu kichujio ya chai, minalia sawa mama mwenye kuzaa, juu dokta aliniambia: "Mama, jiwe ya figo ikitoka, uniletee. Tukijua ni ya aina gani, njo tutajua dawa ya kuzuia ingine."

Jana ikatoka, ndogo, nyeusi, na meno-meno. Nikaifunga mu karatasi, nikaiweka juu ya kabati.

Leo asubuhi karatasi haiko. Shemeji Kazadi, mudogo ya bwana yangu, aliibeba ku depo yao, kule bachimbaji banaletaga mawe ya madini ya kuuzisha. Akaitwanga, sawa banavyotwanga kila sampuli, akaipimisha na mashini.

"Unakula vumbi ya hapa tangu utoto," akaniambia bila haya. "Nilisema pengine iko na kobalti."

"Na unga yake iko wapi?"

"Tulitupa. Haikukuwa na kitu."

Haikukuwa na kitu! Mi nililala chini kwa simenti na maumivu, juu ya ile kitu.

Nikaenda kwa dokta mikono tupu. Hakucheka. Figo ya kushoto iko na ingine, kubwa. Maji na vidonge haitaitoa. Pengine itavunjwa na mashini kule Lubumbashi, pengine ni kisu. Minaogopa kisu. Sijaambia mutu.

Mangaribi Kazadi akaomba chai. Nikamuchujia vizuri, na kichujio ile ile.

Akasema iko tamu. Akaomba ingine.