Maua ya Mlango wa Karatasi

Dada yangu Chenai,

Theluji haijaacha kuanguka, figili za mama mkwe zimekolea chumvi, nami mzima. Umeuliza kama bado nachora. Nachora sana. Siku hizi najaribu wino kwa maji ya theluji. Unatambaa daftarini kama pumzi.

Chumba changu kina mlango wa karatasi unaotazama njia ya stesheni. Nilipotaka kuiona njia niichore, niliitoboa karatasi kwa kidole. Mama mkwe hakugomba. Alikata karatasi nyeupe umbo la ua, akaziba tundu, kama wafanyavyo huku.

"Si limependeza, mwanangu? Huko nje utaganda bure."

Nikatoboa pengine. Akaziba. Pasipoti yangu nayo kaifungia kabatini mwake, eti isipotee. Mume wangu Tetsuya, aliye kazini Osaka, ananiambia kwenye simu, "Mama anakupenda, wewe nawe!"

Jana majirani waliusifu mlango. "Bi Fusae, kumbe msanii ni wewe, si mkweo!" wakamwambia mama mkwe. Tukacheka wote.

Nakutumia picha ya mlango huo. Usikimbilie kuitundika. Itazame kwanza, dada: kila ua ni mahali nilipochungulia nje.

Mdogo wako,
Rudo