Neno lililomrusha Vaileth

Felista wee, Vaileth amenikata kisu! Vaileth huyu huyu mpole, mke wa Asukile!

Usipige simu, mdomo umevimba siwezi kuongea. Furahi, si unaniombeaga ninyamaze.

Sikia. Nimeenda kumsalimia, anamenya ndizi, mama mkwe wake kampakata mtoto wake. Nje Fuso ya viazi ikanasa kwenye tope. Na kiherehere changu, nikawapigia kelele vijana wanaoisukuma: "Sukuma! Sukuma, usiache!"

Vile vile tunavyowaambia wanaojifungua leba. Vile vile, Felista! Na mimi ndo nesi!

Vaileth akaruka. Ngumi ya mdomo, kisha kisu cha mkono, huku analia: "Toka tumboni kwangu! Unaniua!"

Siku anajifungua manesi walimlalia tumbo wanamfokea asukume, akazimia kwenye damu yake. Leo hakuniona mimi. Aliwaona wale.

Mama mkwe akakimbilia mlangoni na mtoto: "Ana pepo huyu! Aende akaombewe, mjukuu naondoka naye!"

Nikaziba mlango, damu inachuruzika. "Mama, maombi sawa. Mtoto haondoki. Hiki ni kiwewe cha uzazi mbaya, ni ugonjwa na unatibika."

Kisu kikaanguka. Vaileth akaniangalia: "Unatibika?"

Nikamwambia ndiyo, kuna mshauri hospitali, atamsikiliza taratibu mpaka siku ile iache kumrudia.

Akachana kanga yake, akanifunga mkono.

Kesho tunaenda. Anataka niingie naye kwa mshauri, nimshike mkono. Ila lile neno nisilitaje, mpaka alitaje yeye.